Bi Tindo na Ukuta Ulioitwa Marumaru

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Wewe unayepiga pasi, wewe uliye karakana, wewe uliyepata dakika mbili za kunyoosha miguu, sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja mchonga mawe. Na nasema mapema, asije mtu akashtuka: leo nina hasira. Tangu maziko ya Jumamosi najaribu kuimeza na imekataa kushuka.

Mama huyu mtaani kwake alijulikana kama Bi Tindo. Tindo ni kile chuma chenye ncha ambacho fundi hukigonga kwa nyundo kuchonga jiwe. Alikishika tangu ana miaka kumi na miwili, akifundishwa na baba yake. Amefariki Jumatano iliyopita hospitalini, kwa ugonjwa wa kifua, akiwa na miaka sitini na mmoja. Nasema tena: Bi Tindo, mchonga mawe, amefariki Jumatano. Ameacha binti mmoja, mshonaji wa nguo. Ameacha wifi mmoja, mke wa marehemu mdogo wake. Na ameacha kazi ambayo haijaisha, na hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya nyumba ya vyumba viwili, chini ya bati. Meza nzito ya mbao. Ndoo ya maji. Tindo kumi na nne zilizoviringishwa kwenye kipande cha turubai, kubwa kwa ndogo. Kitambaa cha kuziba pua, ambacho binti yake anasema mama alikivaa shingoni zaidi kuliko puani. Hapo ndipo alipochonga vizingiti, meza za jikoni, vibao vya shule na mawe ya makaburi. Herufi zake zilisimama wima, kila moja imepewa nafasi yake ya kupumua. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kumfuata.

Na alikuwa na mdomo! Eh, mdomo wa Bi Tindo, tuuache kama ulivyo. Mteja akifika na kusema, "Naomba unichongee hili jiwe langu la marumaru," yeye alilitazama jiwe, akamtazama mteja, kisha akauliza, "Nani kakwambia ni marumaru? Aliyekuuzia?" Hapo alicheka mwenyewe mpaka akakohoa. Mteja alikuwa anaondoka na jiwe lake, lakini angalau anajua ni jiwe gani.

"Mama alikuwa hawezi kuvumilia jiwe liitwe jina lisilo lake," anasema binti yake. "Ilimuuma kama mtu katukana ndugu yake."

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda kwake na kinasa sauti. Nikamwuliza swali ambalo huenda na wewe unajiuliza sasa hivi. Mama, hivi jiwe la chokaa na marumaru vinatofautianaje? Mbona vyote vinaweza kuwa vyeupe? Mbona vyote vinang'aa vikisuguliwa?

"Mwanangu," akaniambia, "hao ni ndugu wa tumbo moja. Ila maisha hayakuwapitisha njia moja."

Akafuta vumbi mikononi, akaanza. Ninayo sauti yake, na nitawasomea alivyosema bila kutia chumvi.

"Jiwe la chokaa limezaliwa chini ya bahari isiyo na kina kirefu. Makombe, matumbawe, viumbe vidogo ambavyo jicho halivioni, vyote vinakufa na maganda yake yanazama. Tope jeupe juu ya tope jeupe, tabaka juu ya tabaka, miaka ambayo mimi na wewe hatuwezi kuihesabu. Ya juu yanabana ya chini, yanashikana, yanakuwa jiwe. Bahari inaondoka zake. Sisi tunakuja na nyundo.

"Sasa marumaru. Marumaru ni hilo hilo jiwe la chokaa, lakini ardhi imelimeza. Limekwenda chini sana, kwenye joto na mbano. Halikuyeyuka! Usije ukaenda kuwaambia watu liliyeyuka, utanitia aibu. Limepikwa hivyo hivyo likiwa gumu. Chembe zake zimekua upya na kuumana kama meno. Yale makombe yote yamepotea, huyaoni tena. Ukilivunja linametameta kama sukari. Umeshaona tofali bichi na tofali la kuchoma? Udongo mmoja, lakini moja limepita motoni."

Nikamwambia, basi chokaa ni jiwe baya. Wacha anikaripie!

"Nani kasema baya? Kuta za nyumba hii ninayolala ni za chokaa. Ukuta mnene, msingi umeinuliwa, paa limetokeza, nyumba hiyo itakuzika wewe na wajukuu wako. Ubaya ni kulipa jiwe kazi isiyo yake. Chokaa laini lina vitundu, linakunywa maji. Lichonge herufi nyembamba, liache nje bila kofia, mvua itazilamba. Marumaru imebana, maji yanahangaika kuingia. Nayo inaliwa, sikudanganyi. Asidi haimwonei huruma yeyote kati yao. Lakini marumaru inaliwa polepole. Wajukuu watasoma."

Wajukuu watasoma. Wasikilizaji wapendwa, mama huyu alikuwa haongei tu. Alikuwa anaongea kuhusu watu thelathini na saba.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mwamba wa machimbo ya mawe nje ya mji uliporomoka. Watu thelathini na saba walifukiwa. Nasema tena, thelathini na saba. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Bi Tindo, kitindamimba wa kwao, mtu wa mizaha, aliyekuwa hajamaliza hata mwaka mmoja kwenye ndoa. Mke aliyemwacha ndiye huyo wifi ninayemtaja.

Thelathini na mmoja kati yao walikuwa watu wa mjini hapa. Sita walikuwa vibarua waliotoka mbali, mmoja alikuwa na siku tatu tu kazini. Na kampuni ya machimbo ilikuwa inaandika vibarua kwa namba. Ndiyo, umesikia vizuri. Haikuandika majina, iliandika namba. Baada ya ajali kampuni ikafunga geti, ikapakia mashine, ikatokomea. Vibarua walionusurika wakawatajia watu wa kamati iliyoundwa baada ya msiba majina ya wenzao, kisha nao wakatawanyika kurudi makwao. Majina yote thelathini na saba yakaandikwa kwenye karatasi moja. Karatasi moja tu, hakuna nakala.

Kamati ikaamua kujenga ukuta wa kumbukumbu. Utakuwa wa marumaru, walisema, udumu vizazi na vizazi. Na uchongaji apewe Bi Tindo. Alikubali kabla hawajamaliza kumwomba. Akapewa ile karatasi. Binti yake, aliyekuwa bado mdogo, anakumbuka mama akiisoma kwa sauti kila asubuhi kabla ya kazi, apate kujua kila jina litakaaje.

Kisha mawe yakaletwa. Vibao vikubwa, vimefungwa kwa sponji na karatasi, vinang'aa unajiona uso. Majirani wakaja kushangaa. Bi Tindo hakushangaa. Alilowesha kidole, akasugua ukingo, akakinusa. Nta! Akakigeuza kibao upande wa nyuma, ule ambao haukung'arishwa. Akachukua lenzi yake, aliyoitoa kwenye kamera mbovu, akainama. Akakaa vile muda mrefu. Halafu akamwita wifi yake, aliyekuwa amekuja kuona.

"Njoo uone. Unaona nini hapo?"

Wifi akatazama. "Kombe. Kadogo, kama ukucha wa mtoto."

"Ndani ya marumaru kombe linatafuta nini?"

Akamwagia maji kidogo upande ule wa nyuma. Jiwe likayanywa yote kabla hujamaliza kupangusa mikono. Na kulikuwa na mistari myembamba ya udongo ndani yake, rangi ya chai ya maziwa, inayopita kutoka ukingo hadi ukingo. Fundi yeyote wa mawe anajua mistari hiyo ndiyo milango ya maji. Lilikuwa jiwe la chokaa laini, limepakwa nta na kuitwa marumaru.

Bi Tindo akaenda ofisini kwa mwenyekiti wa kamati na kipande mkononi. Chumba cha meza ya kioo, feni, na mafaili yaliyopangwa kwa urefu. Akaeleza. Mwenyekiti alimsikiliza huku akisaini makaratasi mengine.

"Bi mkubwa," akamwambia, "wewe kazi yako ni kuchonga. Kupima mawe kuna wenyewe."

"Wenyewe hao walilipima?"

"Litapimwa. Mbele ya familia zote. Maana naona unataka kututia doa."

Na kweli, wiki hiyo hiyo ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa shule. Familia zote zikaja. Kukawa na chai na mayai ya kuchemsha. Mhandisi wa kamati akasimama mbele na chupa ndogo ya siki. Akasema yeye atamaliza ubishi kwa sayansi. Kwamba marumaru halisi ikidondoshewa siki huchemka. Akadondosha. Jiwe likachemka, likatoa povu, psss! Ukumbi ukapiga makofi.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nilikuwepo ukumbini. Nilitumwa na redio hii hii. Na nilipiga makofi. Jioni yake nikakaa kwenye kiti hiki nikawatangazia: imethibitishwa, ni marumaru halisi. Sauti ilikuwa yangu. Kwa hiyo hasira ya leo msidhani nawarushia wengine tu.

Makofi yalipokwisha, Bi Tindo alikuwa anacheka. Anacheka peke yake, safu ya tatu, machozi yanamtoka. Akainuka, akaokota ganda la yai kwenye sahani ya jirani yake, akatembea mpaka mbele. "Niazime hiyo siki," akamwambia mhandisi. Akadondosha kwenye ganda. Nalo likaanza kutoa povu.

"Haya," akasema. "Na hili yai limetagwa na kuku wa marumaru?"

Watu wakaangua kicheko. Akasubiri kikaisha. "Marumaru inachemka. Chokaa linachemka. Ganda la yai linachemka. Vyote asili yake ni moja, siki haiwezi kuwatofautisha. Angalieni nyuma ya kibao. Leteni maji. Kuna makombe mle ndani, nitawaonyesha mmoja mmoja."

Nawaambia, kwa dakika moja hivi alikuwa ameshinda. Mhandisi alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha mwenyekiti akasimama. Hakumjibu kuhusu jiwe hata kidogo. Akazigeukia familia moja moja kwa macho na kuuliza kwa sauti ya huzuni: "Ndugu zangu, mnataka kusubiri miaka mingine? Mnataka marehemu wenu wakose ukuta kwa sababu ya ubishi wa mtu mmoja?"

Aliyemjibu alikuwa wifi yake Bi Tindo. Alisimama na kitenge cha msiba bado mabegani. Leo anafua mashuka pale hospitalini, na ameniruhusu niwasomee maneno yake.

"Nilimwambia, 'Wifi, kaa chini. Tumechoka. Tunataka majina.' Nilisema mbele za watu. Mimi niliyeliona kombe kwa macho yangu! Mume wangu hakuwa na kaburi la maana, nilitaka mahali pa kwenda. Alinitazama tu. Sijawahi kutazamwa vile na mtu tena."

Bi Tindo alitoka ukumbini. Akapita nyumbani, akachukua ile karatasi ya majina, akaenda nayo ofisini, akaibwaga juu ya meza ya kioo. "Tafuteni mwingine," akasema. "Mkono wangu hautaandika ndugu yangu kwenye uongo." Akaondoka. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, kwa maneno yake mwenyewe, ndipo alipokosea. Hakunakili majina. Hasira zilimpanda, akairudisha karatasi bila kunakili hata jina moja.

"Kwamba nilikataa, sijutii," aliniambia kwenye kinasa sauti. "Ninachojutia ni ile karatasi. Ningekaa chini robo saa tu na kalamu."

Ukuta ukachongwa kwa mashine na watu wengine. Herufi zilikuwa za juu juu, zimepakwa rangi ya dhahabu. Ukazinduliwa kwa utepe na hotuba. Ulikuwa unang'aa, sitasema uongo. Mwaka wa kwanza dhahabu ikabanduka. Mwaka wa pili mng'aro ukaisha. Moshi wa tanuru la kuchomea chokaa, lililo upande wa pili wa barabara, ukaanza kuupaka weusi.

Sasa shikilieni viti vyenu. Kamati ikaona aibu, kumbukumbu ya mwaka inakaribia na ukuta mchafu. Ikaagiza uoshwe. Uoshwe kwa nini? Kwa dawa ya kusafishia choo! Ile kali, inayokuchoma pua ukifungua kizibo. Asidi tupu. Jiwe la chokaa, linalochemka kwa tone la siki, likamwagiwa ndoo za asidi na kusuguliwa kwa brashi ngumu. Likatoa weupe, ndiyo, kwa sababu ngozi yake ilikuwa inaondoka na maji. Wakafurahi. Mwaka uliofuata wakarudia. Na uliofuata. Na aliyesaini karatasi ya kuagiza dawa hiyo ni mhandisi yule yule wa siki! Aliliona jiwe likichemka kwa macho yake mawili, mbele ya ukumbi mzima!

Bi Tindo alikuwa anakwenda kila mwaka kusimama kwenye kamba iliyozuia watu wasiusogelee ukuta na kupiga kelele, "Mnawafuta! Mnawafuta watu!" Walinzi walimshika mkono wakamtoa. Mtaani wakasema ni mwanamke mwenye kinyongo, ananuna kwa sababu kazi walipewa wengine. Nani alimtetea? Hakuna. Sote tulitia pamba masikioni.

Mwaka wa tisa, mchana mmoja baada ya mvua kubwa, wifi yake alitokea mlangoni pa karakana. Walikuwa hawajasemezana tangu mkutano ule. Miaka minane, na wanakaa mitaa miwili jirani! Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa unga wa jiwe.

"Nimempapasa kwa mkono, wifi," akasema. "Simuoni. Jina lake halipo."

Bi Tindo hakumwambia, "Si nilikwambia?" Hilo wifi analirudia kila mara: "Hakuniambia, 'Si nilikwambia?'" Alimvutia kigoda, akamwekea maji anawe. Kisha akaingia pembeni ya karakana, ambako kulikuwa na vizingiti vya jengo moja la zamani lililobomolewa. Marumaru ya kweli. Akakigonga kimoja kwa nyundo, kikalia kama kengele. Akakata humo kibao kidogo, ukubwa wa daftari la shule. Akachonga jina la mdogo wake, herufi zenye kina, na wifi akiwa ameketi pale pale mpaka herufi ya mwisho.

"Tulimaliza jioni jioni," anasema wifi. "Nikamwambia, wifi, umemfanya mrefu kuliko alivyokuwa. Akasema, alikuwa anapenda kujinyoosha kwenye picha. Tukacheka mpaka tukalia."

Kuanzia hapo hakupumzika. Alikwenda nyumba kwa nyumba na daftari, na wifi nyuma yake. Kila familia ikamwandikia jina la mtu wake kwa mkono wake, lisije likakosewa. Kila jina likapata kibao chake cha marumaru. Ilimchukua miaka, maana alikuwa na kazi nyingine za kumlisha na kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua. Akapata thelathini na mmoja. Nasema tena: thelathini na mmoja.

Wakabaki sita. Wale vibarua waliotoka mbali, walioandikwa kwa namba. Hawana familia mjini hapa. Safu yao ukutani ilikuwa ya chini kabisa, ambako maji ya mvua hurukia, na ndiyo iliyotangulia kufutika. Bi Tindo alilala kifudifudi kwenye saruji na kioo cha kujitazamia, akilimulikia jiwe jua kwa ubavu, angalau kivuli cha herufi kionekane. Alipata A moja, herufi ya mwisho ya jina fulani. Basi.

Akaandika barua ofisini, akiomba kuiona ile karatasi. Aliandika barua kumi na moja. Binti yake anazo nakala zote, safari hii mama alinakili. Majibu yalikuja mawili. La kwanza lilisema faili halionekani tangu ofisi ilipohama jengo. La pili nimelileta hapa, linasema hivi: "Majina unayoyahitaji yamechongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu. Unashauriwa kwenda kuyasoma huko."

Kwenda kuyasoma huko! Wasikilizaji, mtu mzima, mwenye akili zake timamu, alikaa akaandika hayo, akapiga muhuri. Nimeisoma barua hii mara nyingi na bado siamini.

Alichoweza kupata ni lakabu tu, kutoka kwa wachimbaji wa zamani wa mjini. Mmoja walimwita Mrefu. Mwingine Baba Pacha. Mwingine Filimbi, kwa sababu alikuwa anapiga mluzi akifanya kazi. Mwingine Fundi Baiskeli. Mwingine Kimya. Na wa sita hakuna hata lakabu. Wanamkumbuka tu kama yule aliyekuja Jumatatu. Alikuja Jumatatu, Alhamisi akafa. Kuna watu walimwambia Bi Tindo achonge hizo lakabu, yaishe. Alikataa katakata. "Mama zao hawakuwaita hivyo," alisema.

Alivitayarisha vibao sita. Akavikata, akavisugua kwa maji na mchanga mpaka vikawa laini. Havina kitu.

Binti yake alikuwa kitandani pake Jumatano ile. "Aliniomba nimsomee majina," anasema. "Nikasoma yote thelathini na moja, nikanyamaza. Akaniambia, 'Endelea.' Nikamwambia, 'Mama, yameisha.' Akanishika mkono, ule mkono wake mgumu, akasema, 'Hayajaisha.' Hakuongea tena."

Sasa mnataka kujua hasira yangu imetoka wapi? Jumamosi, makaburini, alifika mwenyekiti. Ndiyo, bado ni yeye. Alileta shada kubwa la maua. Akasimama, akakohoa, akasoma hotuba: marehemu alikuwa mshirika wetu mkubwa katika ujenzi wa ukuta wetu wa kumbukumbu. Mshirika! Mwanamke waliyemtoa kwa walinzi miaka nenda rudi! Ukavu gani huu wa macho? Marehemu akavishwa kilemba cha ukoka akiwa ndani ya jeneza, na hana mdomo wa kujibu.

Lakini binti yake anao. Mshonaji yule mpole, ambaye ukipeleka suruali kupunguzwa husikii akisema maneno matatu, alisogea mbele akaomba kipaza sauti. "Mama hakuchonga hata herufi moja kwenye ukuta ule," alisema. "Naomba maneno hayo yafutwe. Kwa kufuta najua mnaweza."

Hakuna aliyepiga makofi. Wengi wetu tuliinamisha vichwa, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kwa niaba ya wote wa kituo hiki, nampa pole binti wa marehemu. Nampa pole wifi yake. Nazipa pole familia thelathini na moja ambazo vibao vyao vipo salama kwenye kuta za vyumba vyao. Na naomba radhi. Miaka ishirini na moja iliyopita niliwatangazia kwamba lile ni jiwe la marumaru. Halikuwa marumaru. Lilikuwa chokaa laini lililopakwa nta, mama mmoja aliwaambia ukweli, na mimi sikumpa hata dakika moja ya hewani. Kila mmoja wenu atafakari ni nani aliyemwambia akae chini, na kama alikuwa na haki ya kumwambia.

Lakini leo hatutanyamaza dakika moja kwa heshima yake. Kunyamaza kumetosha. Dakika hiyo naitoa kwa kazi yake. Redio hii inasikika mbali, ng'ambo ya milima na mito, kule ambako vibarua hutoka. Kama baba yako, kaka yako, mjomba wako aliondoka miaka ishirini na miwili iliyopita kutafuta kazi ya mawe na hakurudi, usitupigie kutupa pole. Tupigie ututajie anaitwa nani. Binti wa Bi Tindo yuko hapa studio, upande wangu wa kulia. Amejifunza herufi za mama yake. Amekuja na daftari.

Simu ziko wazi.

Fundi mitambo ananipungia mkono. Subirini kidogo, wasikilizaji. Kuna mtu? Kuna mtu. Ni mama mmoja, sauti inakatika katika, anapiga kutoka mbali. Anasema ni kuhusu mdogo wake wa kiume.

Haya, mama, upo hewani. Usilie, mama, au lia tu, hatuna haraka. Binti ameshika kalamu. Taja jina.